Shahada Peke Yake Haitoshi: Anayetaka Uhasibu Apange Mapema

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaikariri kila tunapojiandaa kwa karatasi ya Kiswahili, lakini ni wachache wanaosimama kidogo na kujiuliza: huyo anayelishika daftari ni nani, na alijifunza wapi kulishika? Nimeamua kuandika juu ya jambo hili katika jarida letu kwa maana naona wenzangu wengi wanataka kuwa wahasibu, lakini hawajui njia inaanzia wapi wala inapita wapi.

Pita mabwenini jioni uwaulize watu wanataka kusomea nini. Utasikia daktari, wakili, injinia, na siku hizi "mambo ya kompyuta". Wanaotaja uhasibu nao si haba. Ukiwauliza zaidi, "Sasa utafanyaje?" watakujibu mara moja, "Nitaenda yunivasiti nifanye BCom, nikimaliza niwe CPA." Yaani wao hudhani kwamba ukishavaa lile joho siku ya mahafali basi umekuwa mhasibu mwenye idhini na mambo yamekwisha. Jameni, hayajakwisha! Kwa wengi ndiyo kwanza yanaanza.

Maoni yangu ni haya. Mwanafunzi anayetaka uhasibu apange mambo mawili kwa pamoja, shahada na mitihani ya CPA, tena apange akiwa bado hapa shuleni. Na yule ambaye kwao hakuna karo ya chuo kikuu asione haya hata kidogo kuanza na CPA, shahada ikaja baadaye. Najua wapo watakaonipinga, wakiwemo wazazi na pengine walimu wetu wapendwa. Naomba wanisikilize hadi mwisho.

Kwanza tutenganishe vitu ambavyo watu huvichanganya. Shahada hutolewa na chuo kikuu. Mitihani ya CPA haitungwi na chuo kikuu chochote, bali hutungwa na bodi iitwayo kasneb, ambayo iliundwa mwaka 1969 na makao yake yako Nairobi. Halafu kuna ICPAK, taasisi ya wahasibu wenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1978 kufuatia Sheria ya Wahasibu ya mwaka 1977. Leo inaongozwa na sheria nyingine, ile ya mwaka 2008. Hiyo ni milango mitatu, na kila mlango una mwenye ufunguo wake. Kufungua mmoja hakukufungulii mwingine.

Mlango wa mwisho ndio mgumu. Kwa mujibu wa sheria, mtu haruhusiwi kufungua ofisi ya uhasibu, akakagua hesabu za kampuni na kuzitia sahihi, kama hana cheti cha kumruhusu pamoja na leseni ya kila mwaka kutoka ICPAK. Kabla ya kufika hapo lazima awe amefaulu mitihani yote, akasajiliwa kuwa mwanachama, tena amefanya kazi yenyewe chini ya wahasibu waliomtangulia. Na hata akishapewa leseni, kusoma hakumaliziki. Mwanachama hutakiwa kuhudhuria mafunzo ya kujiendeleza, masaa 40 kila mwaka. Kwa hivyo anayekimbilia uhasibu kwa kuchoka na vitabu amekimbilia pabaya.

Mambo haya si ya Kenya pekee. Tanzania wana bodi yao, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Uganda walitunga sheria yao ya wahasibu mwaka 1992. Mwaka 2011 taasisi za uhasibu za Afrika Mashariki zilitia sahihi mkataba wa kutambuana, ili mhasibu wa nchi moja asichukuliwe kama mgeni kabisa katika nchi jirani. Kule Marekani, kwa miaka mingi majimbo yamedai masaa 150 ya masomo ya chuo, ambayo ni zaidi ya shahada ya kawaida ya miaka minne, ingawa hivi karibuni baadhi yameanza kulegeza kamba. Sisi hapa Kenya tuna bahati moja ambayo hatuitumii: CPA haikufungwa kwenye shahada. Mwenye alama ya C+ katika KCSE anaweza kujisajili na kasneb moja kwa moja. Aliyepata chini ya hapo anaweza kuanza na stashahada ya mafundi wa uhasibu, ATD, kisha akapanda hadi CPA.

Sasa tuingie kwenye mpango wenyewe, maana maneno bila hesabu ni porojo. Tangu mwaka 2021 mtaala wa CPA umegawanywa katika ngazi tatu. Ngazi ya Msingi ina karatasi sita, zikiwemo uhasibu wa fedha, uchumi, sheria, hesabu za takwimu na mawasiliano. Ngazi ya Kati ina sita pia: sheria ya kampuni, usimamizi wa fedha, utayarishaji wa ripoti za fedha, ukaguzi, uhasibu wa usimamizi, na kodi. Ngazi ya Juu ina karatasi tatu za lazima, moja ambayo mtahiniwa hujichagulia kulingana na anakoelekea, na mtihani wa vitendo wa kuchambua data kwa kompyuta. Jumla ni karatasi 17. Mitihani hufanywa mara tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na Desemba.

Chukua mwanafunzi aliyeingia chuo kikuu kwa shahada ya miaka minne. Tuseme anafanya karatasi mbili kila awamu, tena awamu mbili tu kwa mwaka kwa sababu moja itagongana na mitihani ya chuo. Hizo ni karatasi nne kwa mwaka. Kwa miaka minne ni karatasi 16. Akifaulu zote, siku anayovaa joho amebakiwa na karatasi moja tu! Mwenzake aliyesema "nitaanza nikimaliza" siku hiyo hiyo ndipo anauliza fomu zinapatikana wapi. Hata huyu wa kwanza akianguka karatasi tatu au nne njiani, bado atakuwa mbele kwa mbali. Chelewa chelewa utampata mwana si wako.

Hapa kuna mwenzangu atainua mkono aseme, "Lakini mwenye BCom husamehewa karatasi!" Ni kweli. Kasneb huwasamehe baadhi ya karatasi watu wenye shahada inayotambuliwa. Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo watu hawaambiwi. Jambo la kwanza, msamaha huombwa baada ya kupata shahada, na hautolewi bure, huwa na ada yake kwa kila karatasi. La pili, msamaha haufiki juu kabisa: zile karatasi ngumu za mwisho zitakungoja pale pale. La tatu, aliyesamehewa karatasi za chini huenda akazikuta za juu zikiwa mlima, kwa kuwa alisoma uhasibu wa fedha mwaka wa kwanza wa chuo na sasa miaka minne imepita. Anayefanya mitihani sambamba na chuo husoma mada mara moja na kutahiniwa mara mbili ilhali mambo yangali mbichi kichwani. Mimi naona huo ndio ujanja. Mwenye kuchagua kungoja msamaha na angoje, lakini afanye hivyo akijua bei yake.

Nije kwa jambo linaloniuma zaidi, nalo ni karo. Sisi sote tunajua pesa za shule zinatoka wapi hapa kwetu. Kuna wanaosomeshwa na bonasi ya chai, ambayo hungojewa hadi mwezi wa kumi. Kuna wa kahawa, wa miraa ya Igembe, wa muguka wa Mbeere, wa maziwa na wa ndizi. Kuna ambao ng'ombe huuzwa kila muhula. Mzazi wa namna hii akisikia mtoto amepata C+ huona njia ni moja tu, yunivasiti, hata kama itambidi auze kipande cha shamba. Ukimwambia, "Mzee, naweza kuanza na CPA hapa karibu," atakuuliza, "Kwani ulianguka?" Na majirani nao watanong'ona kwamba mtoto wa fulani hakuitwa chuo.

Kwa heshima zote, wazazi wetu, hiyo fikira haifai. Mtihani wa kasneb ni ule ule kwa mtoto wa tajiri wa Nairobi na kwa mtoto wa mchuna majani wa Rukuriri. Karani hatazami ulisomea wapi. Aliyefaulu ngazi ya Msingi na ya Kati anaweza kutafuta kazi ya kushika vitabu katika sako, katika chama cha ushirika, katika duka la jumla au shuleni, na mshahara wake ukasaidia kumlipia shahada jioni na wikendi. Hapo shamba halijauzwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si lazima ainame hadi avunje mgongo wa babake.

Tena, kwa wale wanaotaka yote mawili, si lazima kuhamia Nairobi na kulipa kodi ya nyumba na nauli ya kila siku. Miaka ya nyuma wazee wetu walikuwa na sababu ya kusafiri. Leo mambo yamebadilika. Chuo Kikuu cha Methodisti, KeMU, kiko Kaaga pale Meru na kilipata hati yake mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru na kilipata hati mwaka 2013. Chuka wakapata mwaka huo huo. Chuo Kikuu cha Embu, kilichokuwa zamani chuo cha mafunzo ya kilimo na kisha tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Kutoka Maua hadi Siakago hakuna mwanafunzi aliye mbali sana na chuo. Tuulize mapema kila chuo kinafundisha nini, karo ni ngapi, na ratiba ya mitihani yao ikoje ukiilinganisha na ya kasneb. Barua moja au simu moja inatosha.

Pengine msomaji atauliza, mbona nijisumbue hivi kwa ajili ya leseni? Si mtu yeyote mwenye akili anaweza kuandika pesa iliyoingia na iliyotoka? Jibu liko katika historia yetu wenyewe. Katika Kenya, wilaya za Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndizo serikali ya kikoloni ilizokubalia Waafrika kulima kahawa katika miaka ya 1930. Tangu zamani basi watu wetu wamepeleka mazao yao kwenye kituo, yakapimwa na mtu mwingine, yakauzwa na mtu mwingine, na pesa zikaandikwa na mtu mwingine. Viwanda vidogo vya chai, kama vya Githongo na Mungania, ni mali ya wakulima wenyewe kwa hisa. Lakini mkulima yuko shambani, si ofisini. Mwisho wa mwezi anapokea karatasi yenye kilo, bei, na makato: mbolea, mkopo, mengineyo. Kati ya jasho lake na karatasi ile kuna mhasibu. Mhasibu akiwa mwaminifu na anayeijua kazi, mkulima atalala usingizi. Akiwa mjinga au mwizi, mkulima atalala njaa, na hatajua ni kwa nini.

Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1997 ilipunguza mkono wa serikali katika vyama hivi, ikawaachia wanachama wajisimamie. Uhuru ni mzuri, lakini vyama vingi vilipata hasara na ugomvi, hata sheria ikarekebishwa mwaka 2004 ili usimamizi urudi kiasi. Funzo ni kwamba wanachama hawawezi kujisimamia kama hakuna kati yao anayeweza kusoma mizania.

Na asidhani mtu kwamba haya ni ya vijijini tu. Mapema mwaka 2025 Wakenya walisoma habari za KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini. Uchunguzi ulionyesha kwamba shilingi bilioni 13.3 hazikuweza kuelezwa vizuri, na iliripotiwa kwamba baadhi ya hesabu zilikuwa na sahihi ya mkaguzi ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Hebu fikiria, marehemu anatia sahihi! Fedha zile zilikuwa za sako mbalimbali, na fedha za sako ni za walimu, wauguzi, wakulima na wahudumu wa matatu. Leseni ya mkaguzi ipo kwa sababu hiyo. Inasema kwamba huyu mtu yuko hai, anajulikana, amefunzwa, na akidanganya kuna mahali pa kumshtaki na cheti cha kumnyang'anya.

Wapo wanaosema kompyuta imemaliza kazi ya uhasibu. Mimi sikubali, ingawa nakiri kwamba kazi imebadilika. Kujumlisha safu ndefu za tarakimu kwa mkono si kazi tena ya kumlipa mtu. Lakini angalia upande wa pili. Tangu Januari 2024 mfanyabiashara hakubaliwi kutoa gharama katika hesabu za kodi kama haina ankara ya eTIMS, isipokuwa zile zilizoachwa na sheria. Mwenye duka la vifaa pale Nkubu, mwenye hoteli Runyenjes na mwenye lori la miraa wote wanahitaji mtu wa kuwaelekeza. Uingereza ilipopiga miraa marufuku mwaka 2014, mfanyabiashara aliyetaka mkopo aanze biashara nyingine alitakiwa kuonyesha nini benki? Vitabu vyake. Ambaye vitabu vyake vilikuwa kichwani alionyesha nini? Mashine itajumlisha, lakini haitamwambia mwenyekiti wa chama, "Hapana mzee, vocha hii siipitishi." Hayo yanataka mtu mwenye uti wa mgongo.

Sasa tufanye nini tukiwa hapa shuleni? Nina mapendekezo manne. Kwanza, tuache kuikimbia hisabati. Wapo wanaojisifu kwamba "hesabu si yangu" huku wakitaka uhasibu. Hiyo ni sawa na kutaka kuwa mvuvi na kuogopa maji. Pili, tutilie mkazo lugha, kwa kuwa ripoti ya mkaguzi huandikwa kwa maneno, na neno moja lililokaa vibaya laweza kuharibu jina la mtu. Tatu, tuandike mpango wetu kwenye karatasi kabla ya KCSE: nikipata alama hii nitaenda hapa, nikipata ile nitaanza pale, na pesa zitatoka huku. Tukae na wazazi likizoni tuwaonyeshe hesabu hiyo, wasije wakashtukizwa na barua ya karo. Nne, na hili nasema kwa uzito, tuache wizi wa mtihani. Anayeanza na karatasi ya kuiba atakwenda kuitia wapi sahihi yake watu waiamini?

Nina ombi moja la mwisho, nalo ni la hapa nyumbani. Chama chetu cha Kiswahili hukusanya ada ya wanachama, huuza jarida hili, na hupewa pesa za kwenda kwenye makongamano. Naomba mweka hazina asome hesabu mbele ya wanachama kila mwisho wa muhula, na wanachama wawili wasio maofisa wakague risiti kabla hazijasomwa, kisha hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Simshuku mtu yeyote. Mweka hazina mwaminifu ndiye anayefaidika kuliko wote, maana hesabu zilizokaguliwa humkinga na maneno ya watu. Tukizoea hivyo tukiwa na shilingi elfu mbili, hatutababaika tukikabidhiwa milioni mbili za wakulima.

Kwa hayo machache naomba kutia nanga. Anayekubaliana nami, au anayepinga, kalamu ipo na kurasa za mwaka ujao zipo. Mimi niko tayari kujibiwa.